Vifaranga wa Desemba: ninavyototolesha na kulea kuku hapa Rau

Mwezi wa kumi na mbili Moshi nzima inatafuta jogoo. Watoto wetu walioko Dar, Mwanza na Nairobi wanarudi nyumbani, kila jioni migombani kuna moshi wa kuchoma, na mgeni wa mara moja kwa mwaka huwezi kumwekea maharage. Jogoo uliyembembelezea mnunuzi mwezi wa nane, Krismasi unamtajia bei ukiwa umekaa na mnunuzi amesimama. Shida iko kwenye hesabu. Kuku wa kienyeji wa kweli, asiye chotara, anataka miezi mitano na nusu hivi ndipo awe wa kuweka mezani. Ukirudi nyuma kwa vidole kutoka tarehe 20 Desemba, unafika mwanzoni mwa Julai. Na Julai hapa Rau ni sweta asubuhi, mlima umefunikwa wingu, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15. Kifaranga wa siku moja anataka zaidi ya mara mbili ya hizo.

Kwa hiyo anayetaka kuku wa Desemba hana budi ajue kulea kwenye baridi. Nitaeleza ninavyofanya mimi, na makosa yangu nitayataja kwa majina yake.

Kabla ya kuku nilikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka 26, na tisa ya mwisho nilikaa chumba cha watoto njiti. Nilipostaafu nikajiona fundi: joto nalijua, usafi naujua, kuandika daftari najua. Nikanunua mashine ya mayai 56, nikayapanga 56, nikapata vifaranga 9. Mwezi huohuo mama mkwe wangu kule Kibosho, ambaye hajawahi kushika kipimajoto, alikuwa na kuku watatu nyuma ya jiko. Walilalia mayai 36, wakatoa vifaranga 31. Alipokuja kunitembelea akanitazama nikifungua mlango wa mashine, akauliza, "Mwanangu, hayo mayai yamekukosea nini hata unayachungulia kila saa?"

Niliona haya. Nilimfuata Kibosho, nikaomba kigoda, nikakaa kumwangalia kuku.

Nilichokiona kwenye kigoda

Kuku anayeatamia haketi tu juu ya mayai. Manyoya ya kifuani yamenyonyoka, ngozi yake yenyewe ndiyo inayoyagusa. Mara kwa mara anaingiza mdomo chini, anayageuza na kuyahamisha, la pembeni linakuja katikati, la katikati linakwenda pembeni. Asubuhi anatoka kama robo saa hivi: anakunya kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu ya kukukimbiza, anakula haraka, anakunywa, anaoga vumbi, anarudi. Robo saa hiyo mayai yanapoa kidogo na wala hayafi. Siku mbili tatu za mwisho hatoki kabisa, na ukitega sikio utamsikia akizungumza na yaliyo ndani, nayo yanamjibu.

Mimi kwenye mashine nilikuwa nimefanya kinyume cha yote. Niligeuza nilipokumbuka. Maji yalikauka bila mimi kujua. Zile siku za mwisho ambazo kuku hatoki, ndizo nilizofungua mlango zaidi, maana nilikuwa na hamu ya kuona.

Ushauri wangu basi: kama hujawahi kutotolesha, usinunue mashine kwanza. Mzao wako wa kwanza mwachie kuku, na wewe uwe mwanafunzi.

Dalili za kuku aliye tayari ni hizi: anakoroma, anavimbisha manyoya ukimkaribia, anabaki kwenye kiota jioni wenzake wakipanda kulala. Usimwamini siku hiyohiyo. Mwachie mayai mawili ya viza, mengine yatoe, ngoja usiku mbili. Asipohama, ni wa kweli. Kitamio changu ni boksi au tenga lenye upana wa kama futi moja na nusu, chini naweka udongo mkavu uliotengenezewa shimo kidogo katikati, juu majani makavu ya migomba niliyoyapura kwa mikono. Kabla ya hapo napaka majivu ndani kote. Hilo usiliruke. Utitiri ukiingia kwenye kitamio, kuku atavumilia siku kumi, kisha usiku mmoja atasimama na kuondoka, na wewe utamlaumu kuwa ana roho mbaya kumbe ameliwa hai. Mahali pawe na giza na utulivu. Mayai kumi na mbili yanamtosha kuku wa kawaida. Msimu wa baridi mimi naweka kumi, kwa sababu la pembeni hupoa. Kumhamisha na kumwekea mayai ni kazi ya usiku. Chakula na maji viwe hatua chache tu, si uwanja mzima.

Ukiwa na kuku wanne watano, unaweza kuwalalisha pamoja. Wa kwanza akianza, mwekee viza, mshikilie hapo hadi siku saba au nane. Wa pili na wa tatu wakijiunga, usiku mmoja ondoa viza zote, wape wote mayai mazuri. Watatotoa siku moja. Vifaranga wote unaweza kumpa mmoja au wawili, walio wapole zaidi, na waliobaki wanarudi kutaga mapema badala ya kupoteza miezi miwili wakizunguka na watoto. Ila usimshikilie huyo wa kwanza kupita kiasi. Kuku anayelalia anakula kidogo sana na anakonda mifupa ikatoka.

Chotara wa Kuroiler na Sasso kwa kulalia usiwategemee. Hao wakitaga wanaondoka zao kama wapangaji.

Mayai

Nusu ya mafanikio imo humu, na ndiyo sehemu ambayo watu huipita mbio.

Jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi. Jogoo asiwe ndugu na mitetea. Kila mwaka na nusu nabadilishana na mtu wa kijiji kingine, mimi nampa wangu, yeye ananipa wake. Mayai yakusanywe mara mbili kwa siku. Chagua ya ukubwa wa kati, yenye ncha inayoonekana, ganda lisilo na mikunjo. Kubwa mno hupenda kuwa na viini viwili, la mviringo kama mpira kifaranga hukosa jinsi ya kujigeuza.

Usiyaoshe. Wahudumu wenzangu tuna ugonjwa wa kuosha kila kitu, na mimi mzao wa kwanza niliyasugua kwa sabuni hadi yakang'aa. Yai lina utando wake wa nje unaozuia vijidudu kupita kwenye matundu ya ganda, ukiuosha umefungua mlango. Lenye kinyesi kingi kula, usitotoleshe.

Yakae siku saba, zisizidi kumi, ncha ikiangalia chini, mahali pa baridi lakini si kwenye friji. Mimi trei yangu iko chini ya kitanda, sakafuni. Kila jioni nainamisha upande mmoja kwa kuweka kipande cha tofali, kesho yake upande wa pili. Andika tarehe kwa penseli, si kwa peni, wala maka peni, kwani wino unapenya.

Mayai ya kununua sokoni? Ya kienyeji pale Mbuyuni unaweza kubahatisha, lakini hujui yametagwa lini, wala yamepigwa na jua kiasi gani kwenye gari. Ya trei za kuku wa kisasa usihangaike nayo. Hao hawafugwi na jogoo.

Mashine, ukishajifunza

Mashine inamwiga kuku kwa mambo manne: joto, unyevu, kugeuza na kupumua. Yenye feni iwe kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni, pima usawa wa juu ya mayai, si sakafuni, na hapo itake 38.5 hadi 39, maana joto hupanda juu na chini ya yai pamepoa.

Sasa hapa ndipo kazi yangu ya zamani imenisaidia. Kile kioo kidogo cha namba kwenye mashine kinaweza kukudanganya kwa nyuzi nzima, na nyuzi moja kwa siku 21 inatosha kukuharibia. Chukua kipimajoto cha homa, kile cha kioo chenye zebaki, kikung'ute kishuke, kilaze juu ya mayai jioni. Kipimajoto hicho kikishapanda hakishuki chenyewe. Asubuhi kitakuambia joto la juu kabisa lililofikiwa usiku ulipokuwa umelala. Changu kilisoma 39.2 wakati mashine ilikuwa ikiandika 37.7 kwa ushujaa. Huko ndiko walikokwenda wale 47. Angalizo: kinaishia 42, usikiweke karibu na balbu, na kikivunjika zebaki isiguswe kwa mkono, fungua madirisha, watoto watoke, ikusanywe kwa karatasi ngumu.

Washa mashine siku nzima kabla ya kuweka mayai. Kama haigeuzi yenyewe, chora alama ya X upande mmoja na O upande wa pili, geuza mara tatu au tano kwa siku. Isiwe mara mbili au nne, ili upande unaolala usiku mrefu uwe unabadilika. Mimi nageuza alfajiri ya sala, mchana, na kabla ya taarifa ya habari.

Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 siku 18 za kwanza. Ila kipimaunyevu cha bei nafuu nacho ni mwongo, kwa hiyo mimi natumia mzani wa jikoni. Yai linapoendelea vizuri hupoteza maji, na ifikapo siku ya 18 linatakiwa liwe limepungua asilimia 12 hivi. Nachukua mayai 30, napima yote kwa pamoja siku ya kuweka. Tuseme ni gramu 1,350. Siku ya 18 nataka nione karibu na 1,190. Yakiwa mazito kuliko hapo, maji ni mengi mashineni, kifaranga atazama ndani ya yai. Yakiwa mepesi sana, ngozi itamkaukia akiwa anatoka. Pima pia siku ya saba na ya kumi na mbili, upate nafasi ya kurekebisha mapema. Watoto njiti tulikuwa tunawapima kila siku, na sikuona kwa nini yai lisipimwe.

Siku ya saba mulika. Chumba chenye giza, tochi ya simu, yai limefunika mwanga kwa upande wake mnene. Lililo hai lina kitone cheusi na mishipa iliyotawanyika kama buibui. Lililo jeupe tupu halikurutubishwa. Lenye duara la damu lilianza likafa. Toa haya mawili, maana viza likipasuka ndani ya mashine utaikumbuka siku hiyo kwa pua. Rudia siku ya kumi na nne.

Umeme. Ukikatika, usifungue. Hilo ndilo la kwanza na la pili. Mara ya kwanza ulipokatika usiku niliyatoa mayai yote nikayafunga kwenye blanketi kama watoto, nikayachanganya, nikayapasua matatu. Siku hizi nafunika mashine kwa blanketi nzito, naacha matundu ya hewa wazi, naweka chupa mbili za maji ya moto kando yake, chini ya blanketi. Mwaka juzi ulikatika saa tatu usiku, siku ya kumi na mbili, ukarudi alfajiri. Vifaranga walichelewa siku moja, wakatoka 41. Yai linavumilia kupoa kuliko linavyovumilia kuungua. Nyuzi mbili juu kwa saa chache ni mbaya kuliko saa kadhaa za baridi.

Kaa mbali na mlango

Siku ya 18 acha kugeuza, yalaze, ongeza maji hadi unyevu ufike 65 au 70, funga. Kuanzia hapo wewe ni mgeni.

Siku ya 20 utasikia milio kabla hujaona ufa. Kutoka ufa wa kwanza mpaka kifaranga kutoka kunaweza kuchukua saa 12, hata 24. Atapumzika katikati, utadhani amekufa. Hajafa. Anamalizia kuvuta kiini tumboni na damu inarudi kutoka kwenye utando. Mimi nilimsaidia mmoja, nikambandua ganda kwa kucha taratibu kabisa, na taratibu hiyohiyo akatoka damu mkononi mwangu mpaka akaisha. Sijarudia.

Wakishatoka waache humo wakauke, hata siku nzima. Kile kiini walichovuta kinawashibisha siku mbili, hawafi njaa.

Baridi ya Julai

Tukubaliane kwamba kutotolesha ni wiki tatu za subira, na vifaranga hufa baadaye, kwenye siku kumi za kwanza. Katika daftari langu, ukiacha ule mzao wa aibu, nimepoteza wengi zaidi bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, kuliko mashineni.

Njia rahisi kuliko zote ni kuwapa kuku. Kama una mtetea anayelalia, au aliyetotoa jana, usiku wa giza mtie vifaranga wa mashine chini ya mbawa, mmoja mmoja. Asubuhi ataamka mama wa watoto kumi na tano na hatauliza. Hatawahesabu, ila baadhi ya kuku wanajua rangi: akiwa na weusi watupu, mweupe anaweza kudonolewa, kwa hiyo ile asubuhi ya kwanza uwepo. Julai usimpe zaidi ya kumi na tano, kwa sababu wa kumi na sita analala nje ya bawa.

Wasio na mama wanakwenda bruda. Tengeneza duara kwa hadibodi au maboksi yaliyokatwa, urefu wa magoti. Duara, si chumba cha pembe nne: vifaranga wakisikia baridi hujirundika kwenye kona, na wa chini hukosa pumzi. Kipenyo cha mita moja na robo hivi kinatosha vifaranga 50 wiki ya kwanza, kisha unaongeza. Chini weka maranda kutoka kwa mafundi seremala, unene wa vidole vinne. Pumba za mpunga nazo zinafaa zikiwa kavu. Juu ya maranda tandika magunia safi siku tatu za mwanzo, ili wasile maranda wakidhani ni chakula. Magazeti hapana. Yanateleza, na kifaranga anayeteleza siku ya kwanza miguu inapanuka pande mbili, hasimami tena.

Joto liwe nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Washa saa kadhaa kabla hawajaingia, maranda yenyewe yapate moto. Lakini kipimajoto bora ni wao wenyewe. Wamelundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wamekimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa yameshuka, joto limezidi. Wote wako upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili, utafute. Wametapakaa, wengine wanalala, wengine wanadonoa, na sauti ni ya mnong'ono, nenda kalale. Njia nyingine niliyoizoea: mshike kifaranga, nyayo zake ziguse shavu lako. Zikiwa za baridi, naye ana baridi, hata kama kipimajoto kinasema vingine.

Chanzo cha joto. Balbu hizi mpya za LED zinaangaza tu, hazitoi joto la maana. Tafuta zile za waya za zamani, wati 60 au 100, au taa nyekundu ya vifaranga kutoka duka la pembejeo, uishushe na kuipandisha kwa kamba. Pasipo umeme, chungu cha mkaa: washa mkaa nje mpaka uive wote na uache kutoa moshi, utie chunguni, funika kwa majivu uungue polepole, weka juu ya matofali katikati ya duara, zungushia wavu wasiungue.

Na hapa sitanii. Mkaa unaua. Kuna meku (mzee) mmoja jirani yetu, mtu makini, alisikia baridi kwa niaba ya vifaranga wake akaziba madirisha, akaziba hata uwazi wa chini ya paa kwa matambara, akaacha jiko la mkaa ndani. Asubuhi vifaranga 60 walikuwa wamelala vizuri tu, kila mmoja mahali pake, kama waliopigwa picha. Ile hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na kama angelala nao tungemzika. Upepo uzuie chini, kwenye usawa wa vifaranga, lakini juu pawe wazi daima.

Kwa usiku, kuanzia wiki ya pili, nina kisanduku. Boksi dogo ndani ya boksi kubwa, katikati nimejaza majani makavu, juu blanketi kuukuu iliyolegea mpaka inagusa migongo yao, kando matundu ya hewa. Wanaingia 25 jioni na kupashana joto wao wenyewe. Mama mkwe alipokiona akacheka, akasema nimeshona kuku wa kitambaa.

Maji kwanza, chakula baadaye. Yawe ya vuguvugu, si ya bomba la asubuhi yanayotoka kama yameyeyuka kwenye barafu ya Kibo, kilele cha mlima wetu. Siku ya kwanza natia kijiko kimoja cha sukari kwa lita. Chovya mdomo wa wachache, wengine wataiga. Kwenye sahani ya maji weka gololi au kokoto, wasizame. Kifaranga aliyelowa Julai ni kifaranga aliyekufa. Baada ya saa mbili au tatu weka stata, chakula cha dukani cha kuanzia vifaranga, juu ya vipande vya trei za mayai. Jioni yake papasa gole, kile kifuko cha chini ya shingo. Kikiwa laini kama uji, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila maji. Kikiwa kitupu, mrudishe kwenye sahani sasa hivi.

Wakaguliwe nyuma pia. Kinyesi kikiganda na kuziba, lowesha kwa maji ya vuguvugu, toa bila kuvuta, kausha.

Chakula cha mwezi wa kwanza nunua, usichanganye mwenyewe. Najua mfuko wa stata unauma. Lakini mfuko mmoja wa kilo 50 unawafikisha vifaranga 50 wa kienyeji mwezi mzima na kuvuka kidogo, na akiba unayodhani umeipata kwa pumba tupu utaizika. Baadaye ndipo ulete pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa. Pumba inayonuka uvundo au yenye madoa usiwape. Sumukuvu haitoki kwa kuanikwa juani.

Chanjo, kwa kifupi

Siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena, wiki ya sita hadi ya nane ndui ya kuchoma kwenye bawa. Kideri, wengine tunaita mdondo, kikiingia kwa wasiochanjwa unabaki na banda. Ile chanjo yake ya I-2 ni tone moja la jicho, na inarudiwa kila miezi mitatu maisha yote ya kuku.

Nenda dukani na chupa ya chai yenye barafu. Chanjo za kunywesha zisitiwe kwenye maji ya bomba yenye dawa. Tumia ya mvua, au ya kuchemsha yaliyopoa, uwanyime maji saa mbili kwanza wawe na kiu. Kichupa kikifunguliwa kiishe siku hiyohiyo, na dozi ni nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo ongeeni majirani watano mchange. Sisi tunachanja Jumamosi, kila mmoja anakuja na tenga lake. Kuku anayeumwa asichanjwe.

Wiki ya tatu na kuendelea

Adui sasa ni unyevu chini. Maranda yakilowa, wiki ya tatu hadi ya sita utaona kinyesi chenye damu, vifaranga wamejikunja kama wazee. Hiyo ni koksidiosisi. Amproliamu kwenye maji inasaidia ukiwahi, fuata maelezo ya pakiti, lakini kwanza toa maranda yaliyolowa, uinue chombo cha maji juu ya tofali. Viroboto wakishika pembeni ya macho, paka mafuta ya mgando kwa kidole. Watakosa hewa na kudondoka.

Panya wanaingia tundu la kidole gumba, kwa hiyo wavu uwe wa matundu madogo. Siafu nao msimu wa mvua hawabishi hodi. Majivu ya moto kuzunguka banda kila jioni, na kuku anayelalia asifungiwe mahali asipoweza kukimbia.

Wiki ya tano au ya sita, manyoya yakishajaa mgongoni, watoe nje saa nne jua likishapanda, warudi saa kumi. Mwewe anawajua kabla hujawajua wewe. Mimi nawatoa chini ya migomba, ambako hawezi kushuka, pamoja na mtetea mmoja mkali hata kama si mama yao. Yeye akiona kivuli anapiga kelele, nao wanajifunza lugha hiyo kwa siku mbili.

Mwaka huu mayai yanaingia tarehe 14 Juni. Namulika tarehe 21, nafunga mlango tarehe 2 Julai, natega sikio tarehe 4, natarajia vifaranga tarehe 5. Kufika 20 Desemba watakuwa na wiki 24 kamili. Mama mkwe ameshaniambia jogoo mmoja ni wake, mwekundu, na ameniambia mapema ili nisije nikasema wameuzwa.